Aliyebeba Hamu Yangu

Kufikia siku ya kumi na mbili bila sigara nilikuwa sivumiliki kwa majivuno. Watu walionijua huko juu wangeshangaa. Mimi, Edina Kihwele, pakiti mbili kwa siku kwa miaka thelathini, niliyewahi kumsimamisha dereva wa basi katikati ya mbuga ya Mikumi, penye tembo, ili nivute mara tatu tu, sasa nilikuwa naamka chini ya ziwa nikiimba. Mbaya zaidi, nilikuwa nawahubiria wenzangu. "Ni nia tu," nilikuwa nawaambia. "Binadamu akiamua, ameamua." Ingefaa mtu anizabe kofi mapema.

Tuliishi watu sita ndani ya chumba cha chuma, mita mia moja chini ya Ziwa Tanganyika, tukitengeneza bomba kuu linalopeleka maji miji ya bara. Hewa yetu ilikuwa heli tupu na oksijeni ya kubahatisha, kwa hiyo sauti zetu zilitoka nyembamba kama za bata mpaka mashine izinyooshe masikioni. Kiberiti hakiwaki katika hewa ile. Kurudi juu nako si suala la kupanda ngazi. Mwili ulioshindiliwa na kina kile unahitaji siku nne za kupunguziwa presha kidogo kidogo, la sivyo damu inafoka kama soda iliyotikiswa. Mvutaji akishuka, basi ameshuka na arosto yake, yale mateso ya kukosa moshi, na hapati pa kuyakimbilia.

Asubuhi ile nilikuwa kwenye kiti changu cha kazi, nimevaa glavu zinazoongoza mikono miwili ya chuma iliyokuwa nje, majini. Ninachofanya mimi ndani, ile mikono inakifanya nje kwa nguvu za tembo. Dada Koku, Mkuu wetu, alikuwa nyuma yangu kwenye meza ya hewa na presha. Mhaya mrefu, mtaratibu, anayependa mambo yaandikwe. Nje kwenye giza alikuwa mzamiaji wetu, Fidelis Haule, taa ya kofia yake ikiyumba kuelekea kwenye bomba.

"Mhehe," Haule alisema kwenye redio, "hiyo mikono yako leo imekula nini? Mbwa wa nani amepotea huko Iringa?"

"Wa kwenu," nikamjibu. "Alikaa njiani kwa uchovu. Si mlitoka naye Afrika Kusini kwa miguu, mnakimbia vita?"

Alicheka, ila kicheko kilikatika njiani. Siku hizo vicheko vyake vyote vilikuwa vinakatika. Alikuwa amekonda, macho yameingia ndani, na usiku nilikuwa namsikia akigeuka kitandani kama chapati. Nilimwambia ni uzee. Yeye Mngoni, mimi Mhehe. Babu zetu walichinjana mpaka wakachoka, wakatuachia utani badala ya mikuki. Mtani hapewi pole. Anaumwa, unamuuliza jeneza lake liwe la mbao gani.

"Fika kwanza, nipashe habari," nikasema. "Nina dakika kumi za kujipongeza."

Nilitaka kufungua kumbukumbu zangu za hamu ya sigara ili ninakili takwimu nimpelekee binti yangu Atu. Atu ana mtoto wa miezi saba. Tangu azaliwe sijampakata. Analetwa mpaka mlangoni nimwangalie, kisha anarudishwa ndani ya gari kama kifurushi kilichokosewa anwani, kwa sababu nyumba yangu inanuka moshi, na nguo zangu, na mimi mwenyewe. Atu alisema: siku utakayoniletea karatasi inayoonyesha umeacha, nitakupa mtoto ukae naye mwezi mzima. Nilitaka karatasi.

Skrini ikafunguka kando ya kiti. Ilikuwa saa tano na dakika kumi.

*Mwenye hamu: E. Kihwele. Mbebaji: F. Haule. Sehemu: yote.*

Nikasoma tena.

Nyuma ya sikio, chini ya ngozi, kila mmoja wetu alikuwa na kidude cha ukubwa wa njugu mawe, nasi tulikiita hivyo hivyo, njugu. Hamu ya sigara inapoamka kichwani mwa mtu, njugu yake inaikamata kabla mwenyewe hajaihisi, inaikatakata na kuigawa kwenye njugu za wenzake. Hamu ni wimbi: inapanda, inakaa, inashuka, dakika saba hivi. Ikimaliza safari bila kulishwa moshi, siku ya pili inarudi imepungua nguvu. Wataalamu waligundua kwamba haijali ni nani aliyeivumilia. Igawe kwa watu watano, kila mmoja atajisikia kama mtu aliyesahau kitu dukani, na baada ya wiki tatu imekufa. Sheria ilidai ridhaa tu: kila mbebaji ataje jina lake na sehemu yake, kwa sauti, mbele ya mashine na shahidi.

Nikaikumbuka siku ya kwanza. Tulikaa mezani sote, Dada Koku akiwa shahidi. Nikawa naona haya, maana kuwaomba watu wazima wakubebee uchu wako si jambo dogo. Haule akaona haya yangu, akanionea huruma kwa njia pekee aliyo nayo. Akasimama, akapiga kifua. "Waacheni hawa wapumzike! Mimi, Fidelis Haule, nabeba yote. Mhehe ana hamu gani ya kumshinda Mngoni?" Tulicheka mpaka chumba kikatetemeka. Dada Koku mwenyewe alifuta machozi, akasema haya, imekwisha, twende tukale, sote tukidhani hamu imegawanywa sawa. Kila mtu alijua ule ni utani, na utani hauna polisi wala mahakama. Lakini mashine ilitengenezwa na watu wasio na watani. Ilisikia jina, ikasikia sehemu, ikamwona shahidi, ikafunga mkataba.

Na huyu mtu, aliyeimba kwaya kanisani Peramiho tangu utoto na hajawahi kutia sigara mdomoni, alikuwa amebeba pakiti zangu mbili kwa siku, peke yake, siku kumi na moja.

Chini ya jina lake kulikuwa na onyo. *Hamu nzima ikibebwa na mtu mmoja siku kumi na mbili mfululizo, itahamia kwake. Mwenye hamu atakuwa huru.* Halafu mistari mitano ya kijani, kwa sababu hamu zangu kubwa zilikuwa tano, zimepangwa kwa jinsi zilivyokuja siku ile ya kwanza, kila moja na saa yake ya kuhama. Ya kwanza, saa tano na dakika arobaini. Ya pili, saa sita na dakika tano. Ya tatu, saa nane. Ya nne jioni. Ya tano alfajiri ya kesho. Mwishoni kabisa: *Mwenye hamu anaweza kuiita irudi wakati wowote kabla haijahama. Hesabu yake itaanza upya.*

"Nimefika," Haule akasema. "Inua, mtani. Ukinidondoshea hicho kifuniko nitakuja kukutokea usiku nikiwa nimevaa shuka."

Nikainua. Kifuniko cha bomba kilikuwa chuma cha tani mbili. Zamani ilikuwapo kufuli ya kuigandisha ile mikono ikishashika mzigo, lakini ilikufa siku ya tisa na kipuri kilikuwa bado kinabishaniwa huko juu, kwa hiyo kufuli ilikuwa mimi. Haule akajisogeza chini ya kifuniko, kifua na mikono ndani ya bomba, kufunga pete mpya kwa nati sita. Mpaka nati ya sita ikaze hawezi kutoka, maana ile pete anaizuia kwa bega lake. Kazi ya saa nzima kwa mtu mzima wa afya.

Nikanyamaza.

Nitalisema hili wazi. Sikunyamaza kwa mshtuko. Mshtuko uliisha kwa dakika mbili, na zilizobaki zilikuwa za kwangu. Nilijiambia: ukimwambia sasa utamtetemesha, yuko chini ya chuma. Ilikuwa hoja nzuri, na nilijua ni uongo hata nilipokuwa naipanga. Nilikuwa naona miguu ya mjukuu wangu kwenye soksi za njano. Nilikuwa nahesabu: saa tano, saa sita, saa nane, jioni, alfajiri. Kesho asubuhi mimi ni mtu huru, na sijafanya chochote. Nimenyamaza tu. Nani atajua? Kumbukumbu za hamu ni siri ya mwenye hamu. Hata Dada Koku hana ruhusa ya kuzifungua.

Na Haule atabaki na nini? Na kiu ya kitu ambacho hajawahi kukionja. Atarudi Songea, atasimama dukani siku moja, hatajua kwa nini mkono wake unaonyesha ile pakiti.

"Mbona kimya?" Haule akauliza. "Umeona aibu ghafla? Wahehe hamna hiyo."

"Fanya kazi," nikasema.

Saa tano na dakika arobaini mstari wa kwanza ukageuka mwekundu. Hapakuwa na mlio wala nini. Rangi tu ilibadilika, na nikaanza kuhisi jasho likinitoka ndani ya glavu. Nilikuwa nimefikiri nitafurahi.

Dakika kumi nikauangalia ule wekundu.

"Dada Koku," nikasema. "Njoo usome hapa."

Akaja, akainama. Nikasikia pumzi yake ikisimama sikioni mwangu. Alisoma taratibu, kama anavyosoma kila kitu, kidole chake kikifuata mistari. "Mungu wangu," akasema. "Ule ulikuwa utani."

"Mweleze Haule. Mimi siwezi."

"Mnaongea nini huko?" Haule akasema. "Nasikia."

Dada Koku akamweleza. Alimweleza vizuri, kwa mpangilio, mpaka ile saa sita na dakika tano. Tulisikia hewa tu ikiingia na kutoka kwenye kofia yake.

"Kumbe ina mwisho," Haule akasema hatimaye. "Mimi nilidhani naimaliza. Nilijua tangu usiku wa kwanza kwamba imekuja yote. Ningesemaje? Nimeshindwa na Mhehe mbele ya watu? Ningerudi Songea na uso gani?" Akahema. "Halafu asubuhi yake nikakusikia unaimba. Nikasema, basi, nitabeba. Hiyo ya kunihamia sikuijua."

Nikamfokea: "Wewe ni mjinga kuliko wote walionitangulia kaburini na watakaonifuata."

"Mtani, hebu niambie. Umejua lini?"

Dada Koku alikuwa amesimama pale pale. Skrini ilikuwa mbele yangu, mstari mmoja mwekundu, minne ya kijani.

"Sasa hivi," nikasema.

"Basi iite," akasema.

"Hapana," Dada Koku akaingilia. "Siruhusu. Haule, sikiliza. Akiita, inamrudia yote, sasa hivi, kwa nguvu ya siku ya kwanza. Mikono yake inatetemeka sentimita moja, kifuniko kinacheza kumi. Umebakiza nati ngapi?"

"Nne."

"Nusu saa, basi. Na ya pili inahama baada ya dakika kumi na tatu. Hatuwezi kukitoa kifuniko kwa muda huo, wala hatuwezi kuigawa upya, njugu zinataka siku nzima ya kujipanga. Nakuomba ukubali hiyo ya pili ikuhamie. Utoke salama, kisha tunaita zilizobaki."

Lilikuwa neno la busara, na moyo wangu, nauaibikia mpaka leo, uliruka kwa matumaini.

"Dada Koku," Haule akasema kwa upole, "hizo nyingine zichukueni mzichezee. Lakini hiyo ya pili siwezi kukaa nayo. Ni ile ya saa sita. Inaunguza ulimi. Inakuja na udongo, na watu wanaimba, na mtu anataka kulia lakini kinywa kimejaa moto. Nikiwa nayo maisha yangu yote nitakufa mimi. Nayajua maisha yangu, sijafiwa hivyo. Huo ni msiba wa mtu mwingine." Kisha akaniuliza mimi, taratibu: "Nani alikufundisha kuvuta moto ndani?"

Mama yangu alivuta hivyo, kama walivyovuta wanawake wa umri wake kwetu: moto ndani ya mdomo, ncha nje, mikono iko huru kwa jembe. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Aliniita nimwashie jikoni, na ili isizimike njiani nilivuta mara moja, mara mbili, nikamkabidhi. Alipofariki nilikuwa kazini, nikafika wakati wa kufukia. Nilisimama kando ya kaburi saa sita mchana nikavuta moja kama alivyokuwa akivuta yeye, moto ndani, mpaka ulimi ukababuka. Sijawahi kumsimulia mtu. Na huyu Mngoni alikuwa anamzika mama yangu kila siku saa sita, siku kumi na moja.

"Mama," nikasema.

"Nilidhani hivyo. Basi mrudie mama yako, mtani. Mimi nitakuongoza. Hakuna anayeijua hiyo hamu kuliko mimi."

Dada Koku akaweka mkono begani kwangu. Mkono ulikuwa baridi. "Mimi ni shahidi," akasema.

"Mimi, Edina Kihwele," nikasema, "naita hamu yangu. Yote."

Kwanza mate. Yalijaa mdomoni ghafla, mengi, yenye ladha ya sarafu. Kisha taya zikabana. Kisha kitu kikashuka toka kooni mpaka tumboni, kikachimba, kikaanza kuvuta kila kilichomo ndani yangu kuelekea juu, kuelekea mdomoni, na mdomo ulikuwa mtupu. Nilikuwa nimesahau. Siku kumi na moja zinatosha kabisa mtu kusahau.

"Imefika?" Haule.

"Imefika."

"Usipigane nayo. Siku mbili za kwanza nilipigana nayo ikanitupa sakafuni. Ipe kiti ikae. Pumua kama unapuliza moto wa kuni mbichi. Ndefu ya kutoa. Nati ya tatu inaingia."

Nikapuliza. Vidole vyangu vilikuwa vinataka kujikunja. Viwili, cha kati na cha shahada, vilikuwa vinatafutana. Nje, kifuniko kikaanza kupumua, juu, chini, juu.

"Sentimita sita," Dada Koku akasema. "Edina, sentimita sita."

"Mwache," Haule akasema. "Mtani, sasa inapanda. Itakuambia kwamba itakaa milele. Mwongo huyo. Dakika ya nne ndiyo kilele, ukivuka hapo ni mteremko. Uko ya pili. Nitukane."

"Nini?"

"Nitukane! Mdomo ukiwa na kazi hauombi. Unadhani kila siku saa sita nilikuwa nakuja kukaa na wewe kwa sababu ya uzuri wako?"

Nilikuwa nadhani hivyo, kwa kweli. Nilikuwa nadhani anapenda mazungumzo yangu. Kila saa sita alikuja, akakaa kwenye ndoo, akanichokoza mpaka tukachoka, na wakati mwingine jasho lilikuwa likimtiririka nami nikimcheka.

"Nyinyi," nikasema, meno yamebana, "nyinyi mlitembea kutoka Kusini miaka ishirini, mkafika Songea, mkauliza, 'Bahari iko wapi?' Mkaambiwa mmeipita."

"Vizuri. Nati ya nne."

"Babu yako alikuwa mpiga ngoma wa jeshi. Wenzake wakienda vitani yeye anabaki kupiga ngoma."

"Alikuwa mpishi. Ongeza."

"Mpishi wa panya!"

Dakika ya nne ikaja. Sikuwa tena chumbani. Nilikuwa kwenye udongo mwekundu, kinywa kimejaa moto, majirani wakiimba, na jeneza lilikuwa dogo mno kwa mama yangu. Nilitaka sigara kama ninavyotaka hewa. Ningempa yeyote chochote. Kama mtu angekuja na moja wakati ule akasema, achia mikono, sijui.

Mkono wa kulia uliruka.

Redioni ikasikika sauti ya chuma kikigonga chuma, kisha kioo. Taa ya kofia ya Haule ikazimika. Giza likajaa kwenye skrini zote.

"Haule!" Dada Koku akapiga kelele. "Haule, jibu!"

Pumzi. Pumzi nyingine.

"Ni taa tu," akasema. Sauti yake ilikuwa imepanda. "Ni taa. Kifuniko kiko mgongoni kwangu, kimelala. Mtani, kimelala mgongoni. Kiinue. Taratibu. Lia ukitaka, ila inua."

Nililia. Nilitoa sauti ambayo mashine haikuweza kuinyoosha, na huku nalia nikainua, kidole kwa kidole, kama mtu anayemtoa mtoto aliyelala mgongoni kwa mwenzake. Tani mbili zikapanda sentimita kumi. Zikatulia.

"Umevuka," Haule akasema gizani. "Huo ni mteremko sasa. Unausikia?"

Nilikuwa nausikia. Kile kilichokuwa kinavuta kililegea, kikavuta tena kwa hila, kikalegea. Nikameza. Haule akafunga nati ya tano na ya sita kwa kupapasa, huku akinieleza hamu yangu mwenyewe kama mtu anayemwelekeza mgeni njia: itarudi kidogo, kama mtu aliyesahau kofia, usimfungulie mlango. Ikarudi. Sikuifungulia. Saa sita na dakika ishirini na mbili alijisukuma nje ya bomba, nikaweka kifuniko mahali pake, nikavua glavu. Viganja vilikuwa vyeupe na vimekunjamana kama vya mfu.

Aliingia kupitia tundu la maji la sakafuni, akavuliwa kofia. Mgongoni alikuwa na mchubuko mrefu, si zaidi. Dada Koku hakumruhusu hata kukaa kabla hajatukusanya wote mezani, akawasha mashine. "Leo hakuna utani," akasema. "Atakayecheka anapanda juu." Wanne wakataja majina yao, robo, robo, robo, robo, ianze kesho njugu zikishajipanga. Haule alikatazwa kubeba hata chembe. Kwenye skrini hesabu yangu ikasomeka: siku ya kwanza. Mpaka kesho ningezibeba mwenyewe, zote nne.

Kisha tukala, mimi na yeye, tuliokuwa tumekosa chakula cha zamu. Wali na maharage ya pakiti. Haule alikula kama mtu aliyeachiliwa kutoka jela, sahani mbili, akilamba kijiko, akitania maharage yenyewe. Rangi ilikuwa imemrudia usoni. Nilimtazama nikawa nafurahi kabisa, bila hila, pengine kwa mara ya kwanza siku ile.

Alisukuma sahani. Akaegemea. Na mkono wake wa kulia ukapanda kifuani, ukapapasa mfuko wa shati, ukaingia ndani na vidole viwili, ukatoka mtupu. Akautazama ule mkono.

"Hii nayo," akasema pole pole. "Hii ya baada ya kula. Nilidhani umeziita zote."

"Zimekuja nne."

"Na hii?"

"Ilikuwa imeshahama. Saa tano na dakika arobaini."

Akatikisa kichwa, akijaribu kutabasamu huku jasho likianza kumtoka juu ya mdomo. "Basi bahati mbaya. Hukuwa umejua bado."

Angeamini. Alikuwa ameshaamini, na alikuwa ameshanisamehe kwa kosa ambalo alidhani si langu. Ningeweza kunyamaza tena. Nilikuwa na uzoefu.

"Nilijua," nikasema. "Nilijua tangu saa tano na dakika kumi, kabla sijainua kifuniko. Nilikaa kimya dakika arobaini. Nilitaka ikuhamie."

Nikasubiri matusi. Nilikuwa nayahitaji kuliko nilivyohitaji sigara. Mbwa, babu yangu, Iringa yote, chochote. Angesema chochote cha namna hiyo ningejua kwamba bado sisi ni watani.

Haule alipumua kama anayepuliza kuni mbichi, ndefu ya kutoa, mpaka wimbi lake likapita. Ilichukua dakika zake saba. Kisha akaweka kijiko ndani ya sahani, akanitazama usoni kwa heshima yote.

"Nimekusikia, Bi Kihwele," akasema.

Akainuka, akaenda kuosha sahani yake.